Markeri mbili, stilo moja na CD ya kwaya

Kazi yangu ni video za harusi na nyimbo za kwaya, hapa Kadutu, Bukavu. Flash zimekuja, simu zimekuja, lakini wazazi bado wanataka DVD ya harusi ya mtoto wao, ikae kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Kwa hiyo nachoma sahani karibu kila wiki, na kila moja lazima iandikwe jina, la sivyo harusi ya Alhamisi inaenda kwa watu wa Jumamosi. Imeshanitokea. Tuyaache.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kwaya alinijia na CD niliyomchomea mwaka 2016, kaifunga kwenye kitambaa kama yai. "Mwanangu, wimbo wa saba unakwama, wa nane hauingii kabisa. Wameniambia ni wino wako umeila."

Roho ilinishtuka, maana maneno hayo nimeyasikia miaka mingi, na kabatini nina mamia ya sahani nilizoandika kwa markeri. Nikachukua tochi ya simu, nikaiweka nyuma ya CD. Jina la kwaya nililoliandika mimi lilikuwa jeusi tu, zima. Lakini chini yake, karibu na ukingo, mtu wa nyumbani kwake alikuwa ameongeza majina ya waimbaji kwa stilo, kalamu ya kawaida ya ncha ngumu, na kwa nguvu, kama anayejaza fomu yenye nakala tatu. Mwanga ulipenya hapo kwa vitundu vidogo vidogo vilivyofuata herufi. Ungeweza kusoma jina la mpiga gitaa kwa mwanga peke yake! Na CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, ndiyo maana nyimbo za mwisho ndizo zilizoumia.

Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kuutesa ule wa juu. Kwenye CD ni kinyume. Unene wake wote, milimita 1.2, ni plastiki, na plastiki hiyo iko chini. Juu kuna rangi inayochomwa na lesa wakati wa kurekodi, utando mwembamba wa metali unaorudisha mwanga, kisha vanishi nyembamba kuliko unywele. Basi. Ukikandamiza kwa ncha ngumu, umefika kwenye muziki. DVD ina nafuu: ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa, na data imelala katikati.

Sasa markeri zangu. Ya kwanza ni ile nene ya kuandikia makatoni, inayouzwa kila papeteri, yenye harufu ya kuumiza kichwa. Harufu hiyo ni ya viyeyusho, na vingine, kama zailini na toluini, vinaweza kuilainisha vanishi na kupenya. Ya pili ina ncha laini ya nyuzi, wino wake ni wa maji, na kwenye pakiti wameandika kuwa ni ya CD na DVD. Bei yake ni karibu mara tatu ya ile ya katoni, na ina kero yake: usiposubiri ikauke, kidole kinaondoka na jina la bibi harusi. Mimi naipa dakika tano, mvua ikinyesha kumi.

Je, ile ya katoni imewahi kuniulia sahani? Kusema kweli, hapana. Nilitoa CD za zamani nilizoiandikia, nikanakili kila kitu kwenye komputa, zikasoma mpaka mwisho. Lakini sahani chache za kabati langu si ushahidi wa kutosha, na harusi ya mtu hairudiwi. Mwongozo uliotolewa na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, mwaka 2003 unashauri markeri ya wino wa maji yenye ncha laini, nami nimeufuata. Ile ya katoni imerudi kwenye makatoni.

Stika ndizo ninazozichukia zaidi. Nilizitumia msimu mmoja kwa sababu zinapendeza. Ikikaa upande kidogo tu, sahani inayumba na kuvuma ndani ya mashine, na ukijaribu kuibandua inaweza kuondoka na metali yenyewe.

Siku hizi, kwa CD muhimu, naandika namba tu kwenye ile duara angavu ya katikati, karibu na tundu, ambako hakuna data. Majina yote yanaingia kwenye karatasi ya kasha.

Yule mama nimemhamishia nyimbo sita kwenye flash. Wa saba na wa nane itabidi waimbe upya, na ameshanitajia siku ya mazoezi. Mpiga gitaa, anasema, amehamia Uvira.