Uzoefu wangu na Rockwell Bold katika mabango ya Kiswahili

Kazi yangu ni kusanifu mabango na fulana za shughuli mbalimbali, na fonti ninayoitegemea kuliko nyingine zote ni Rockwell katika unene wake wa Bold. Ilitolewa mwaka 1934 na kampuni ya Monotype nchini Uingereza, chini ya usimamizi wa Frank Hinman Pierpont, ikiwa ya ukoo wa herufi zenye serifu (vile vijimstari vya kwenye ncha za herufi) nene za mraba, zilizochipuka huko huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wafanyabiashara walipotaka matangazo ya kusomeka kutoka mbali.

Clarendon, fonti ya ukoo huo iliyoitangulia mwaka 1845, ina mkunjo laini pale serifu inapoungana na shina, yaani mstari mkuu wa herufi, na mistari yake hupishana unene. Rockwell haina ulaini huo: mistari yake karibu yote ni ya unene mmoja, serifu zimekatwa kwa pembe kali, na O yake inakaribia kuwa duara kamili. Usawa huo ndio unaoifanya istahimili uchapaji wa bei nafuu, kwa maana hata wino ukisambaa kidogo kwenye fulana ya pamba, hakuna mstari mwembamba utakaopotea.

Itazame A kubwa. Juu ya kilele chake imelazwa serifu bapa mithili ya kofia, na kwa kuwa maneno ya Kiswahili yamejaa A, kofia hizo hujirudia katika kichwa cha bango na kukipa mdundo ambao sijauona katika fonti nyingine. Lakini A mbili zinapofuatana, kama katika MAADHIMISHO, serifu za chini hukaribia kugusana, hivyo ni lazima nafasi baina yao ipanuliwe kwa mkono kabla ya kazi kwenda kwa mchapaji.

Upana wake nao unadai nidhamu. HARAMBEE au MKUTANO MKUU hukaa vizuri sana. Sentensi nzima yenye WALIOHUDHURIA na WANAOTARAJIWA hula bango lote, na kuibana herufi ili itoshe ni kuiharibu. Kwa maandishi madogo siishauri kabisa, kwa sababu matundu ya a na e huziba. Maelezo ya chini nayaandika kwa fonti nyepesi isiyo na serifu. Tangazo la tanzia pia nalitafutia herufi tulivu zaidi.

Rockwell huja pamoja na baadhi ya matoleo ya Microsoft Office, ila kuiweka kwenye tovuti kunahitaji leseni yake peke yake. Asiye na bajeti hiyo atumie Roboto Slab ya Google, ambayo ni ya bure na inasomeka vizuri kwenye simu, ingawa A yake haina kofia. Kwa tovuti inanitosha; kwa bango la barabarani bado nachagua Rockwell.