Matembezi ya Makumbusho, Mnazi Mmoja hadi Forodhani: Yanafaa, lakini Beit el Amani Ingepewa Saa Nzima

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 30,000 kwa matembezi ya miguu yaliyotangazwa kuwa yanahusu historia ya makumbusho ya Zanzibar, yanayoanzia Mnazi Mmoja saa mbili za asubuhi na kumalizikia Forodhani kabla ya adhuhuri. Kampuni inayoyaendesha sitaitaja, kwa kuwa kijana aliyetuongoza alikuwa muungwana na msikivu, na niliyonayo moyoni yanahusu zaidi namna historia hii inavyosimuliwa kuliko jina la anayeiuza. Tulikuwa watu wanane, wenyeji watupu isipokuwa mke na mume waliotoka Tanga. Jambo hilo lilinifurahisha, maana matembezi ya aina hii kwa kawaida huwa ni ya wageni wenye kofia pana, na sisi wenye mji huyapita majengo yetu kila siku tukiwa na haraka ya daladala.

Kituo cha kwanza kilikuwa Beit el Amani, lile jengo jeupe lenye pande sita na kuba kubwa, lililopo mwisho wa Barabara ya Kaunda, jirani na hospitali. Tulilitazama kwa nje tu, huku kijana wetu akitugawia picha zilizofunikwa plastiki ili tuone vitu alivyokuwa akivizungumzia. Utaratibu huo wa picha ni mzuri na ningependa wengine wauige. Tatizo lilikuwa katika sentensi yake ya kwanza kabisa, aliposema kwamba jengo hili lilijengwa na Seyyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar, likiwa msikiti na baadaye likageuzwa makumbusho. Bi mkubwa mmoja tuliyekuwa naye, mzaliwa wa Kikwajuni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa hapajapata kuwa msikiti hata siku moja. Sisi tukiletwa hapa na mwalimu wetu wa skuli kuja kumtazama chui."

Bi mkubwa alikuwa na haki. Barghash alifariki mwaka 1888, na jengo hili lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1925, yaani miaka 37 baadaye, katika zama za Seyyid Khalifa bin Harub. Anayedanganywa na kuba hastahili kulaumiwa sana, kwani aliyelichora jengo, John Houston Sinclair, alikusudia macho yetu yaone hivyo. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza aliyekuwa pia msanifu wa majengo, na aliyepanda cheo mpaka akawa Balozi Mkazi wa Uingereza hapa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika majengo yake alichanganya matao na mapambo ya Kiarabu na mpangilio wa Kizungu. Ukilitazama jengo la Mahkama Kuu pale Vuga, ambalo nalo ni lake, utaona kuwa ni mkono uleule. Wengi wameifananisha Beit el Amani na Aya Sofia ya Istanbul, na mimi sioni ubaya wa mfano huo, mradi tu tusiendelee mpaka tukamwadhinia mtu ndani yake.

Tarehe ile ya ufunguzi, ambayo kijana wetu hakuitaja kabisa, ndiyo ufunguo wa jambo lote. Tarehe 11 Novemba ni siku yalipositishwa mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918. Jina la Kiarabu la jengo, Nyumba ya Amani, halikuchaguliwa kwa sababu linapendeza masikioni; jengo lilisimamishwa kuwa kumbukumbu ya amani iliyofuata vita hivyo. Tena vita hivyo havikuwa hadithi ya mbali kwa watu wa Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilitoka katika delta ya Rufiji, ikaikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga katika bandari yetu ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha mbele ya macho ya mji. Baadhi ya mabaharia waliokufa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ambacho unakiona ukisimama Forodhani. Hapa nadhani matembezi yalipoteza nafasi adhimu, kwa sababu yanaanzia kwenye jengo la ukumbusho wa vita na kumalizikia kwenye ufukwe unaotazama bahari ilikopiganwa sehemu ya vita hivyo, na hakuna aliyetuunganishia ncha hizo mbili.

Kwingineko, watawala waliotaka kuwakumbuka wafu wa vita walisimamisha mnara au sanamu ya askari mwenye bunduki. Hapa palijengwa nyumba ya kujifunzia. Tulizoea kulitamka neno makumbusho bila ya kulifikiri, lakini kwa Beit el Amani neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: nyumba inayohifadhi vitu vya kale, na nyumba ambayo yenyewe ilijengwa ili kukumbusha. Sijui jengo jingine katika mwambao huu ambalo neno hilo linalikaa vizuri namna hiyo.

Msimamizi wake wa kwanza alikuwa daktari, Alfred Spurrier, aliyekuwa ameitumikia idara ya afya ya Zanzibar kwa miaka mingi kabla ya hapo. Uteuzi huo unaeleza mengi. Makumbusho chini ya daktari hayakuwa kabati la vitu vya ajabu vya kuwaburudisha abiria wa meli. Yalikusudiwa kumfundisha mkaazi wa kawaida, na mafunzo ya maradhi na usafi yalikuwa na nafasi yake humo. Bila shaka yalikuwa mafunzo ya mtawala kwa mtawaliwa, na msimulizi mwaminifu hana budi kulisema hilo pia. Baadaye usimamizi ulishikwa na mwanamke, Ailsa Nicol Smith. Kijana wetu hakumtaja yeyote kati ya hao wawili, ingawa alitumia dakika nzima kumsifu Livingstone, yule mvumbuzi wa Kiingereza, kwa sababu ya sanduku lake la dawa lililokuwa limehifadhiwa humo.

Sanduku hilo lina haki yake ya kutajwa, kwani Livingstone alipita Unguja mwaka 1866 akielekea safari yake ya mwisho ya bara. Lakini katika picha zile zilizofunikwa plastiki kulikuwa na ngoma na siwa, yaani pembe kubwa za kupulizwa, za Mwinyi Mkuu kutoka Dunga, na hizo tulizipitia kama mtu apitaye msibani asikomjua mwenyewe. Siwa ni alama ya enzi. Haikupulizwa ovyo wala na yeyote. Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala wa wenyeji wa Unguja kabla na hata baada ya kuja kwa mabwana wa Kiomani, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Makumbusho yaliyofunguliwa chini ya bendera ya sultani na ulinzi wa Mwingereza yakawa ndiyo yaliyohifadhi alama za dola iliyokuwepo kabla ya wote wawili. Mimi ningesimama hapo kwa robo saa.

Yule chui wa bi mkubwa naye ni wa kweli. Ni chui wa Unguja aliyekaushwa, na alihifadhiwa katika jengo dogo la jirani la viumbe na mazingira. Bi mkubwa alitueleza kwamba watoto walikuwa wakimkaribia kwa kusukumana, kwa sababu nyumbani walishaambiwa kwamba wapo chui wa porini na wapo chui wa kufugwa na wachawi, na hakuna aliyekuwa na hakika huyu ni wa upande gani. Kwa dakika tano zile yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji, na kijana wetu, kwa sifa yake, alikaa kimya akamsikiliza kama sisi.

Kosa la pili ninalotaka kulisahihisha ni lile la kujisifu. Tuliambiwa kwamba haya ndiyo makumbusho ya kwanza ya Afrika Mashariki. Ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 pale Kampala, na ya Nairobi mwaka 1910 na jumuiya ya wapenzi wa viumbe na mimea. Sisi tunaweza kusema, bila ya kumpunja mtu, kwamba tuliwatangulia wenzetu wa Dar es Salaam, ambao makumbusho yao, yaliyopewa jina la Mfalme George wa Tano, yalifunguliwa mwaka 1940. Sifa hiyo inatosha.

Kutoka hapo tulipita Mahkama Kuu, Bustani ya Victoria na Shangani kwa mwendo mzuri, na maelezo ya njiani yalikuwa sahihi na mafupi. Forodhani tulisimama mbele ya Beit el Ajaib, jengo la Barghash la mwaka 1883, na hapa kijana wetu alikuwa hodari kweli. Alieleza jinsi jengo hilo lilivyokuwa ofisi za serikali, kisha likaja kuwa makumbusho, pamoja na mtepe, chombo cha bahari cha kale, ulioundwa upya kwa kushonwa kamba na kuwekwa katika ukumbi wake wa chini, mpaka siku ya tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ilipoporomoka na kuua watu wawili. Aliyasema hayo bila ya kuyatia chumvi. Kwa Beit el Sahel, kasri iliyofanywa makumbusho mwaka 1994, alikuwa na dakika tatu tu zilizobaki, na Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, akapata sentensi moja.

Kwa bei hiyo nayapendekeza, hasa kwa wazazi wenye watoto wa skuli ya msingi, kwani mwendo si mrefu na vivuli vipo mpaka Shangani. Fikeni na maji, na vaeni viatu vya kufunga. Mkifika Beit el Amani mwulizeni kijana kuhusu tarehe 11 Novemba. Nilipoagana naye alikuwa akimwomba bi mkubwa amtajie mwaka wa kufunguliwa jengo kwa mara ya pili, ili auandike nyuma ya moja ya picha zake.