Copernicus Browser na misitu ya Mto Tana: inafaa kwa nini, na inashindwa wapi

Copernicus Browser ni huduma ya Umoja wa Ulaya inayomwezesha yeyote mwenye intaneti kutazama, kulinganisha na kupakua picha za setilaiti bila malipo. Tangu mwaka 2023 imekuwa mlango wa kwanza kwa wanafunzi, vikundi vya uhifadhi na maofisa wasio na bajeti ya kununua picha. Hapa naipima kwa kazi moja tu: kuchora ramani ya misitu ya kandokando ya Mto Tana nchini Kenya, chini ya Garissa, ambako miti mirefu huishi kwa mafuriko na maji ya chini ya ardhi, na nyika kavu huanza palepale msitu unapoishia. Sehemu ya misitu hiyo ndiyo makao pekee duniani ya mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, aina mbili za kima ambao walitengewa hifadhi mwaka 1976, kwa hiyo ramani yenye makosa si jambo dogo.

Nguvu yake kubwa ni picha za Sentinel-2. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Juni 2015 na ya pili Machi 2017, na setilaiti mbili za aina hiyo zikifanya kazi pamoja hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi. Mikanda minne ya mwanga, yaani buluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), ina pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, za meta 10. Kwa Tana kipimo hicho kina maana kubwa: ukanda wa miti wenye upana wa meta 50 hupata takriban pikseli tano, ilhali katika picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zenye pikseli za meta 30, haufikishi hata mbili kamili, na hizo nazo huenda zimechanganya miti, mchanga na maji.

Kipimo cha ukijani wa mimea, NDVI, kimewekwa tayari na hufunguka kwa kubofya mara moja, na hapo ndipo wengi huteleza. Kipimo hicho hulinganisha mwanga mwekundu, ambao majani huunyonya, na infraredi ya karibu, ambayo majani huirudisha kwa wingi. Ukichagua picha ya Mei, wakati wa masika, nyika nayo imechipua na mpaka wa msitu unapotea ndani ya kijani kilichoenea kote. Ukichagua ya Februari au Septemba, mvua zikiwa zimekatika kitambo, vichaka na migunga ya nyika imepukutisha majani mengi, nayo miti yenye mizizi iliyofika kwenye maji hubaki kijani, hivyo msitu unajitokeza kama utepe unaoufuata mto kona kwa kona. Kwa maoni yangu, tarehe ya picha ina uzito kuliko programu yoyote utakayoitumia kuichambua.

Udhaifu ni kwamba NDVI haijui aina ya mti. Mathenge, mti wa kigeni ulioenea sana katika eneo hilo, hubaki kijani kiangazi kizima na hupata rangi ileile ya mkuyu. Miembe ya wakulima wa Kipokomo pia huhesabiwa kuwa msitu. Mbega anahitaji matawi yanayokaribiana, majani machanga na matunda ya miti fulani, mambo ambayo pikseli ya meta 10 haiyaoni. Mikanda iliyo kati ya nyekundu na infraredi husaidia kiasi, ingawa pikseli zake ni za meta 20, na kufuatilia mwaka mzima badala ya siku moja husaidia zaidi, lakini makosa hupungua tu, hayaishi.

Kitufe cha kulinganisha tarehe mbili kimenipendeza kuliko vingine, kwa sababu Tana huhama mkondo na kuacha misitu ya zamani mbali na maji. Mawingu yakizidi, zipo picha za rada za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu na huonyesha vizuri maji ya mafuriko yaliyotanda kwenye maeneo ya wazi. Chini ya miti mirefu zisitegemewe sana.

Anayetaka kujua misitu ilivyokuwa kabla ya Bwawa la Masinga, linalozuia maji katika sehemu za juu za mto huo, kukamilika mwaka 1981 hatapata jibu katika Sentinel-2. Itambidi arudi kwenye hazina ya Landsat, iliyoanza mwaka 1972 na ambayo pia ni ya bure, akubali pikseli kubwa zaidi.

Kutazama hakuhitaji akaunti, kupakua kunahitaji. Mwenye bando dogo akate eneo lake kwanza, kwani kigae kizima cha Sentinel-2, yaani kipande kimoja cha picha kama kinavyotolewa, huweza kufika mamia ya megabaiti. Naipendekeza kwa kuweka mipaka ya msitu na kufuatilia ukataji wa miti. Kwa ramani ya makazi ya wanyama, nisingeikubali kabla mtu hajatembea msituni na kifaa cha GPS pamoja na wenyeji wanaoijua miti kwa majina, akaandika wapi ni mkuyu, wapi ni mwembe na wapi ni mathenge.