Chungu cha Kisi: cha jikoni na cha sebuleni

Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na wanawake wa Ikombe na vijiji jirani, mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, na huuzwa Jumamosi kwenye gulio la Lyulilo karibu na Matema. Hapo ukinunua huna wasiwasi. Shida iko mjini, ambako baadhi ya wachuuzi huvipaka vanishi au rangi ya mafuta ving'ae, kisha huvipanga pamoja na vya maua. Ukikiteleka chungu kilichopakwa vanishi, mboga itanuka rangi, na vanishi haitoki hata ukiisugua na mchanga, imeshanyonywa.

Cha kupikia kitazame tako. Likiwa la mviringo, moto hutambaa sawasawa na chungu hutulia kwenye mafiga. Tako bapa lenye kona ni la sebuleni. Kwenye moto ufa huanzia pale pale konani. Ukiona chembe za mchanga kwenye udongo usidhani ni ufundi mbovu, ndizo zinazokifanya kistahimili joto. Madoa meusi nayo ni ya kuchomewa motoni mahali pa wazi. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, sauti ikifa kina ufa au hakikuiva.

Mtungi wa maji lazima utoe jasho. Maji hupenya vitundu, na yanapokauka nje huondoka na joto la yaliyobaki ndani. Ukiupaka rangi umeziba vitundu. Umebaki na ndoo nzito. Nakshi za udongo zilizochomwa pamoja na mtungi hazina neno.

Kabla ya kupikia, jaza chungu maji kilale nayo. Ubavu ukiloa ni sawa, matone yakidondoka kirudishe. Kisha pika humo uji mwepesi, vijiko vitatu vya unga kwa lita 1 ya maji, moto mdogo nusu saa, uache upoe humo humo ndipo umwage. Wanga huziba vitundu vya ndani. Kwenye gesi tanguliza bati kati ya moto na chungu, na chungu kikishika moto usikiongezee maji baridi. Ongeza ya moto. Sabuni hunywewa na udongo ikaja kutoka kwenye mchuzi, kwa hiyo oshea majivu na maji moto, ukianike juani bila kifuniko, la sivyo kitaota ukungu.

Kwa maharage na samaki wa nazi hakina mpinzani. Chipsi kaangia karai.

Cha maua, hata kizuri namna gani, hulowesha meza. Tumbukiza chupa ndani uweke maji humo. Na dukani, kabla ya kulipa, uliza kama kuna ambavyo havijapakwa. Mara nyingi vimerundikwa nyuma, na ndivyo vya kupikia.