Unga wa Feriki Kloraidi wa Kariakoo: Dawa Feki au Bodi Chafu?

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo ni unga wa feriki kloraidi unaouzwa kwa mifuko huku Kariakoo, ule ambao mafundi na wanafunzi huutumia kuondolea shaba isiyotakiwa kwenye bodi za saketi wanazojitengenezea nyumbani. Lalamiko linalonifikia zaidi ni kwamba dawa ni feki, na kwa maoni yangu mara nyingi unga huu unasingiziwa.

Tuanze na mfuko wenyewe. Feriki kloraidi kavu huwa nyeusi inayoelekea kijani, na ikishafyonza unyevu hugeuka mabonge ya kahawia yenye umanjano. Kwa hewa yetu hii ya pwani, mfuko mwembamba uliobanwa kwa pini za stepla hauwezi kuuzuia unyevu huo. Mabonge hayo bado yanakula shaba, ila sehemu ya uzito uliolipia ni maji, na mchanganyiko utakuwa hafifu ukipima kwa vijiko vilevile. Hapo ndipo ninapoipunguzia bidhaa hii alama. Uhamishie unga wako kwenye chupa ya kioo au ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, wala usitumie kopo la bati au sufuria, kwa kuwa kemikali hii hula hata chuma kisichoshika kutu.

Wakati wa kuchanganya, mimina unga kidogo kidogo ndani ya maji, si maji juu ya unga, kwani unga mkavu hutoa joto kali na mvuke wa asidi unaowasha koo. Vaeni glavu na miwani, fungueni madirisha, na shati jeupe liacheni kabatini.

Sasa tuje kwenye shaba isiyotoka. Kabla ya kulaumu dawa, chovya bodi kwa sekunde chache, isuuze, kisha iinamishe kwenye mwanga uitazame. Shaba safi hupoteza mng'ao papo hapo na kubaki na wekundu uliofifia, ilhali sehemu inayoendelea kung'aa ina mafuta ya vidole au utando wa karatasi uliosalia baada ya kuhamisha kwa pasi, kutoka kwenye karatasi, wino unaoikinga mistari ya saketi isiliwe. Sehemu hiyo huliwa kwa kusuasua au isiliwe kabisa, na wakati unaisubiri, kemikali inapenya ubavuni chini ya wino na kuikata mistari myembamba ambayo ilikuwa imeshakaa sawa. Itoe bodi, isugue taratibu kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, isuuze, ndipo uirudishe.

Ikiwa bodi nzima imefifia sawasawa lakini kazi inakwenda polepole, tatizo ni joto au mwendo. Nyuzi 40 hadi 50 za selsiasi zinafaa, na beseni dogo la plastiki likiwekwa ndani ya lingine lenye maji ya moto linatosha. Uso wa shaba utazame chini ili mashapo yadondoke, na beseni liwe linatikiswa. Kingo kutangulia kuliwa ni kawaida.

Unga huu nitaununua tena, nikichagua mfuko ambao bado ni mweusi. Kasoro nyingine ni kwamba kifungashio hakisemi lolote kuhusu mchanganyiko uliokwisha nguvu, ambao umejaa shaba yenye sumu kwa samaki na haufai kumwagwa kwenye mtaro. Utieni magadi kidogo kidogo hadi povu likome, uacheni utuame, na mashapo yake yafungieni kwenye chombo cha plastiki chenye maandishi, mbali na watoto.