Kinanda cha nyumbani na Reaper kupitia MIDI: uzoefu wangu

Nakitumia kinanda cha kawaida cha nyumbani, chenye vitufe 61, spika zake na midundo yake ya ndani, kurekodi kwenye Reaper, programu ya muziki ya kompyuta, kupitia MIDI, yaani lugha ya kutumiana noti kati ya vifaa. Kwa kazi hii kinafaa sana. Usikimbilie kununua kingine kabla hujajaribu ulichonacho. Wengi wanaokata tamaa wanakwamishwa na mambo mawili: Local (mpangilio unaofanya kinanda kilie chenyewe ukibonyeza) na bafa (sauti kidogo ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa).

Waya kwanza. Vinanda vingi vya sasa vina tundu la USB la mraba nyuma, kama la printa, na waya wa printa unatosha. Vya zamani vina matundu ya duara ya pini 5, kwa hiyo unahitaji kiunganishi cha MIDI kwenda USB. Plagi ya kiunganishi iliyoandikwa IN ichomeke kwenye OUT ya kinanda, maana kinachotoka huku ndicho kinachoingia kule. Usichague kiunganishi hafifu: nimeona kimoja kikiacha noti inalia bila kukoma, kwa sababu ujumbe wa kuachia kitufe ulipotea njiani.

Kumbuka MIDI haibebi sauti. Inabeba habari tu: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, kimeachiwa lini. Ile tarumbeta tamu ya ndani ya kinanda haitaingia kwenye kompyuta kwa njia hii. Ukiitaka, irekodi kwa waya wa sauti kutoka tundu la hedfoni hadi kadi ya sauti.

Ndani ya Reaper, washa kinanda kwenye orodha ya vifaa vya MIDI, fungua traki, bonyeza kitufe chake chekundu, chagua ingizo la MIDI, kisha weka ala, yaani programu inayotoa sauti, kwenye FX, kitufe cha traki cha kuongezea programu kama hizo.

Sasa Local. Ukipiga noti moja na kusikia mbili, kinanda kinalia chenyewe na kompyuta inalia pia. Programu ikizirudisha noti kwenye kinanda, kila noti hulia humo mara mbili, sauti inakuwa nyembamba na ya kuyumba. Tafuta Local Control kwenye menyu uizime. Kinanda kitakaa kimya ukibonyeza, hakijaharibika. Baadhi hujiwasha tena Local kila ukizima umeme, basi angalia kila unapoanza. Kama menyu haina Local, shusha sauti ya kinanda hadi sifuri.

Bafa ndiyo inayofanya sauti ichelewe nyuma ya kidole. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 ni karibu milisekunde 11.6, na ya 128 ni karibu 2.9, kabla draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, haijaongeza zake. Mimi napiga kwa 128. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi 256. Wakati wa kuchanganya nyimbo weka 1024, huko kuchelewa hakuumizi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (aina inayopunguza kuchelewa) ya kadi yako, au ASIO4ALL kama haina yake.

Midundo ya ndani izime unaporekodi piano. Huwa inatuma kila ala kwa chaneli yake, ngoma kwa kawaida chaneli ya 10, na traki inayopokea chaneli zote huzimeza zote pamoja. Ngoma ya besi, yaani noti 36, inageuka kuwa Do ya chini ya piano inayogonga wimbo mzima.

Pedali ikifanya kinyume, zima kinanda, toa mguu, washa tena.

Mwisho, tazama nguvu za noti ulizorekodi. Zikiwa sawa zote, washa mwitikio wa mguso, yaani kinanda kuhisi nguvu ya kidole, kwenye menyu. Kinanda kisicho na mwitikio huo kabisa ndicho pekee ningekibadilisha, kwani kurekebisha nguvu za noti moja moja kwa mkono kunachukua muda mrefu kuliko kuupiga wimbo wenyewe.