Tulipeleka watoto Himbi kuona damu ya uongo, mama mkwe akageuka mwalimu

Bon, Jumamosi tulijikusanya watu sita, mimi na baba watoto, watoto watatu na mama mkwe aliyekataa kubaki nyumbani peke yake, tukapanda moto (pikipiki) mbili paka Himbi, mtaa wa hapa Goma, kwenye ile ateliye ya vijana wanaotengeneza vitu vya filamu na klipu za wanamuziki. Kibango usitafute, hakuna, ni kanyumba ka mbao nyuma ya geti la bluu, unapiga hodi. Mtu mkubwa dola 5, mtoto franga 5000. Bei ilinikaa kooni kidogo, lakini tulikaa mle karibu masaa matatu na hakuna aliyetutazama saa.

Kitu nilichopenda, hawafichi. Kijana anayetembeza watu anaeleza Kiswahili chetu, Kifaransa kinaingia pale tu neno linapokosekana, na kila siri anaitoa mezani. Damu ni sukari iliyochemshwa na maji paka ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, halafu kakao kidogo sana, juu bila kakao inaonekana kama juisi na kamera inakuaibisha. Kadogo wangu wa miaka minne aliramba kijiko chote. Halafu ikatoka chupa ya bia, akampiga nayo mwenzake kichwani, pwaa! watoto wakapiga kelele, kumbe ni sukari tu imepikwa ikamiminwa ndani ya kalibu ya chupa. Inabidi waipike asubuhi ileile, juu hewa yetu ya ziwani ikiilowesha inaanza kunata na haivunjiki tena vizuri.

Bunduki zipo, za mbao na za sponji la godoro lililopakwa rangi, ila zinafungiwa sandukuni na kufuli, unaziona zikiwa mkononi mwa kijana tu na picha hakuna. Mkubwa wangu alinuna. Mimi nikasema asante Mungu, mu mji huu nani anataka mtoto wake aonekane mu simu ya mtu ameshika kitu cha namna ile?

Sehemu ya kidonda cha uongo ndo watoto wanaisimulia paka leo. Kwanza anakuwekea tone moja la mpira wa maji (latex) kwenye mkono upande wa ndani, mnangoja kuona kama ngozi itawasha, kisha anapaka, anaweka karatasi laini ya choo, anapaka tena, anakausha na ile mashine ya saluni, anachana katikati na kuchokoa kingo, halafu rangi na damu. Ule mpira unanuka amonia, kama mkojo wa jana. Lakini kidonda! Nilijua ni karatasi na bado tumbo lilinikaza.

Alitusimulia pia yule Mfaransa, Georges Méliès, mwaka 1896 anapiga picha barabarani Paris, kamera ikakwama kidogo halafu ikaendelea, na kuangalia filamu akakuta basi limegeuka gari la maiti. Méliès mwenyewe ndo alivyosimulia. Watoto wakajaribu na simu yetu, unasimamisha, mtu anatoka kwenye kiti, unaendelea, na kadogo akapotea hewani. Hiyo haikuhitaji hata franga.

Sasa lawama yangu. Mwishoni wanazima taa na kuwasha Nyiragongo, ile volkano yetu, lakini mlima wa kimo cha mtoto uliojengwa na mawe yetu meusi ya kweli, moshi unatoka kwenye mashine inayochemsha maji na gliserini, na lava ni uji wa wanga wa muhogo wenye rangi ya machungwa, unashuka juu ya kioo chenye taa chini yake. Ni kazi safi. Lakini hakuna aliyetuonya! Binti yangu alikuwa na miaka mitano ile Mei 2021 mlima ulipolipuka, alikimbia nasi paka mji wa Sake kwa miguu yake, na kuona tu ule wekundu gizani akaanza kutetemeka, nikatoka naye nje. Vijana wa ateliye, semeni kabla. Huu ni Goma.

Niliporudi nikakuta mama mkwe amesimama karibu na ule mlima, mikono kiunoni, anamwambia yule kijana, "Hapana mwanangu, hivi sivyo. Mu 2002 mlima ulipolipuka, lava niliiona na macho yangu. Juu ilikuwa nyeusi, ukoko, wekundu unauona tu mahali inapopasuka, na inatembea na sauti, kama mtu anavunja sahani jikoni." Kijana akachukua kalamu. Kweli, anaandika, na anauliza, mama, harufu je? mama, ilienda haraka kama mtu anakimbia ao kama mtu anatembea? Wakakaa nusu saa, umeme ukakatika katikati, wakaendelea na tochi ya simu. Tulipotoka akamwambia arudi Jumamosi ijayo, hatalipa, wanataka kujaribu huo ukoko na unga wa mkaa.

Choo ni kimoja, viti havitoshi, msivae nyeupe juu ile rangi haitoki. Na kidonda mkitoe kabla ya kuondoka, na mafuta ya kupaka na maji ya moto. Mwenye moto aliona mkono wa mkubwa wangu na bila kuuliza bei akakata kona kwenda hospitali.